Darasa la Wasioleta Debe

Kila siku saa sita kasorobo Mwalimu Elieth alitoka ofisini na kijiko chake mkononi, akashuka ngazi tatu za udongo hadi jikoni, akaonja makande kabla kengele haijagongwa. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu apangiwe kuwa mwalimu wa chakula. Mpishi, Bibi Josepha, alimchotea punje chache kwenye mfuniko wa sufuria, akazipuliza mwenyewe kama anayemlisha mjukuu, kisha akasimama mikono kiunoni kungoja hukumu.

"Mwalimu wangu, unaonja au unasali?"

"Naona chumvi imepungua, bibi."

"Haijapungua. Ninyi watu wa Singida chumvi mnachota ziwani, sisi tunanunua."

Elieth alicheka kwa ndani, akapeleka punje nyingine mdomoni. Hapo ndipo alipovisikia vijiko. Vilikuwa vingi, vikikwangua sahani kwa haraka, kama watoto wenye njaa wanaomalizia kilichobaki chini. Aligeuka kutazama foleni. Foleni haikuwapo. Rimu ya gari iliyotumika kama kengele ilikuwa bado inaning'inia kimya, na watoto wote walikuwa madarasani. Sauti ilitoka ng'ambo ya uwanja, kwenye darasa la zamani, na ndani ya darasa lile hapakuwa na sahani hata moja. Alilijua hilo kwa hakika, maana ndiye aliyewaambia watoto waziache nyumbani.

Jumatatu hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya utaratibu mpya. Kamati ya shule, chini ya mwenyekiti wake Mzee Castory, ilikuwa imeamua kwamba mtoto ambaye kwao hawajaleta debe la mahindi na sado mbili za maharage asipange foleni ya chakula. Wazazi waliotoa walichoka kuona wanalisha na watoto wa wenzao. Wasioleta walikuwa kumi na mmoja. Wakati wa chakula wangekaa darasa la zamani, mlango umerudishwa, wajisomee, ili wasiwakodolee macho wanaokula. Kwenye kikao mwenyekiti aligeuka akamwuliza mwalimu wa chakula kama ana la kuongeza. Elieth alikuwa nalo. Alikuwa amelibeba tangu mwanzo wa kikao. Akaangalia viganja vyake, akasema, "Hakuna, mzee." Mwandishi akaandika kwamba wote wameafiki.

Alivuka uwanja. Darasa la zamani lilikuwa la matofali ya udongo, kuta nene, madirisha madogo yasiyo na vioo. Wenyeji wa Heru Juu walisema lilijengwa na katekista, kabla shule haijawa ya serikali. Alipogusa mlango, vijiko vikanyamaza vyote kwa mara moja.

Watoto kumi na mmoja walisimama. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaeni. Nani alikuwa anagonga?"

Kwenye dawati la mbele, Esteri wa darasa la pili alijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

"Mmeshasoma?"

"Tumepumzika, mwalimu," alisema Esteri. "Tumeshiba."

"Mmeshiba nini?"

Esteri alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi. "Njegere. Za njano. Na mafuta."

Mwalimu mkuu, Nurudini, mtu wa maskhara ambaye ukoo wake ulifika Kasulu na biashara ya vitambaa kutoka Ujiji, alikuwa amesikia zile sauti kutoka ofisini. "Wanagonga rula hao," alisema. "Njaa ya mtoto ina kelele. Wiki moja tu, wazazi wao wataleta."

Bibi Josepha hakucheka. Aliposimuliwa, upawa ulibaki hewani, supu ikachuruzika kurudi sufuriani.

"Njegere za njano zilipikwa hapa wakati wa mradi wa chakula cha msaada," alisema. "Mimi ndiye niliyezipika. Gunia la mwisho nililikung'uta kwa mikono hii, na mama yake huyo Esteri alikuwa kwenye foleni."

Jumanne Elieth hakuvuka uwanja, asije akasikika. Alizunguka nyuma, akapita kwenye mihogo ya shule, akachungulia dirishani. Watoto walikuwa wakila. Mikono ilishuka hadi kwenye ubao wa dawati, ikapanda mdomoni, midomo ikatafuna, koo zikameza. Mikononi hamkuwa na kitu. Sauti ya vijiko ilikuwa pale pale, karibu, kiasi kwamba meno yalimwuma. Lakini lililomfanya ashike ukuta lilikuwa jingine. Watoto walikuwa wamejibana upande mmoja. Katika kila dawati walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

Harufu iliyotoka dirishani hakuwahi kuikuta. Ilikuwa ya nafaka, lakini si mahindi wala mchele, imekaangwa kwenye mafuta mazito.

"Bulga, ile ngano iliyopondwa," Bibi Josepha alisema, bila kuambiwa zaidi. "Nilikuwa darasa la tatu. Ilikuja kwenye magunia yenye picha ya mikono miwili inashikana, na maandishi ya Kizungu. Tulidhani ni chakula cha kuku cha Wamarekani. Baba aliyashona magunia yakawa mashati, tukaenda nayo kanisani, mikono ile imeshikana mgongoni." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ilikuwa ikinuka hivyo hivyo."

Jumatano ilikuwa ugali wa njano. Elieth aliingia mapema mno, au wao walichelewa kumaliza, kwa sababu juu ya dawati la Esteri kulibaki tonge dogo, rangi ya kiini cha yai. Alilichukua. Lilikuwa la moto. Kwenye kiganja halikuwa na uzito wowote. Alilifunga kwenye leso akakimbia nalo ofisini, na alipoifungua mbele ya mwalimu mkuu, leso ilikuwa imelowa tu.

"Umelia, mwalimu?" Nurudini aliuliza kwa upole.

"Hapana, mwalimu."

"Kama ni mambo ya nyumbani, sema. Sisi ni watu wazima."

Alikuwa na nafasi ya kusema. Alikunja leso. "Ni mafua tu."

Unga wa njano, alieleza Bibi Josepha akichambua maharage, ulikuja mwaka ambao mvua ilikataa, yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Watu walikuwa na aibu kuula, kwa sababu mahindi ya njano hapa hayakuliwa na mtu, wakafunga milango wakala. Shule ndiyo pekee iliyoula hadharani. Alisimulia hayo kwa utulivu, lakini vidole vyake vilikuwa vikitupa maharage mazima na kubakiza yaliyotobolewa.

"Bibi, wanarudi nyuma," alisema Elieth.

"Nimeona."

"Kila siku wanakula cha zamani zaidi."

"Nimeona, mwalimu wangu. Kesho watakuwa na maziwa."

Na Alhamisi watoto kumi na mmoja walisimama kumwamkia mwalimu wao wakiwa na mstari mweupe juu ya mdomo. Maziwa ya unga, ya enzi za usichana wa mama yake Josepha, yaliyotoka nchi za barafu kwenye mapipa ya karatasi. Nusu ya darasa waliharisha, mama yake alipenda kusema, na nusu nyingine walilamba vikombe vya wanaoharisha.

Siku hiyo Elieth alikuwa amekuja na ndoo ndogo ya maandazi, ameamka alfajiri kuyakaanga. Aliwafungia mlango, akaweka kidole mdomoni, akagawa. Hakuna aliyenyoosha mkono mpaka alipowabembeleza. Esteri aliuma andazi mara moja, akalitafuna kwa adabu, halafu akalitema kwenye kiganja.

"Samahani, mwalimu. La baridi."

Andazi lilikuwa bado linatoa mvuke.

Elieth alichuchumaa mbele ya mtoto. Sketi ya Esteri ilifungwa kiunoni kwa pini. Jumatatu pini ilikuwa karibu na kifungo. Sasa ilikuwa imehamia karibu na mgongo, na kitambaa kimekunjamana kama mdomo wa mfuko. Akawatazama wengine. Kola zilikuwa zimewapwaya. Mikono yao juu ya dawati ilionyesha mifupa ya viganja. Na wote walikuwa watulivu, wameshiba, macho yao yanang'aa, wala hakuna aliyetazama dirishani wakati kengele ya chakula ilipogongwa na watoto mia nne wakakimbia na sahani zao.

"Nani anawapa chakula, Esteri?"

"Wenzetu."

"Wenzenu gani?"

Mtoto aligeuza kichwa kidogo kuelekea nafasi tupu iliyokuwa ubavuni mwake, kama mtu anayeuliza ruhusa. Kisha akasema, "Nao hawakuwa wameleta."

Ijumaa walinuka muhogo wa kuchoma na majivu. Elieth alikwenda jikoni akaketi kwenye gogo, kijiko chake hakukishika.

"Huo ni wa wakati wa katekista," alisema Bibi Josepha. "Bibi yangu alisoma mle mle. Kila mtoto alikuja na muhogo wake, wanaufukia kwenye jivu asubuhi, wakimaliza kusoma sala umeiva. Asiye na muhogo alikaa ndani."

"Na kabla ya muhogo?"

Mpishi alisukuma ukuni jikoni. Alisukuma wa pili, ambao haukuhitaji kusukumwa.

"Kabla ya hapo kulikuwa na mwaka wa nzige."

"Walikula nini mwaka huo?"

"Nimeshakwambia, mwaka wa nzige, hawakubakiza hata jani. Watoto walikuja wakakaa kwenye madawati, kwa sababu katekista alisema waje. Bibi alisema ungepita nje ungewasikia wanaimba herufi. Halafu wakawa wachache. Halafu katekista akafunga mlango."

Moto ulipasuka. Elieth alihesabu moyoni: leo muhogo, kesho Jumamosi, keshokutwa Jumapili, kisha Jumatatu, mwaka wa nzige.

"Nifanye nini, bibi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nimewapikia wakakataa."

"Uliwapenyezea. Mtoto anajua chakula cha kupenyezewa na chakula cha kukaribishwa." Bibi Josepha alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na utani. "Ninyi mliwaonyesha mlango mbele ya shule nzima. Hao wengine wakawasogelea, wakawapa nafasi. Wamekaribishwa, wakakaa. Sasa nani atawanyanyua? Aliyewatoa kwenye foleni kwa sauti ya watu wote awarudishe kwa sauti ya watu wote."

"Iliamua kamati."

"Na aliyesoma majina ni nani?"

Alikuwa ameyasoma Elieth mwenyewe, kwenye mstari wa asubuhi, kwa sauti ndogo mpaka akaambiwa arudie.

Jumamosi alikwenda kwanza nyumbani kwa kina Esteri. Mama yake, Immakulata, alimpokea kwa kupiga makofi ya taratibu na kuinama, akimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mwalimu," akamletea kigoda. Mahindi yao yaliliwa na viwavi, alisema, na kuchelewa kuleta kulimpa aibu hata njia ya shule alikuwa haipiti. Lakini si hilo lililomsumbua.

"Mtoto hali, mwalimu. Nikimwekea ugali anautazama tu. Nikamwambia utakufa. Akasema, mama, usipike, Jumatatu ndiyo zamu yetu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuwapikia wao. Anasema wamewalisha wiki nzima, sasa ni zamu yetu." Immakulata alijaribu kutabasamu. "Ni michezo ya shuleni hiyo, eti?"

Esteri alikuwa amekaa mlangoni, amejibana upande mmoja wa kizingiti, mgongo wake ukiwaelekea. Upande wa pili ulikuwa wazi.

Elieth akapanda bodaboda hadi Kasulu mjini. Alimkuta Mwalimu Nurudini kwenye duka la kaka yake karibu na soko, amekaa kwenye mzigo wa kanga na kahawa mkononi, wateja wamejaa.

"Mwalimu Elieth! Umetufuata mpaka huku? Karibu, karibu. Firdausi, mpe mgeni kiti. Umekuja kwa wema au umekuja kuniripoti kwangu mwenyewe?"

Watu walicheka, wakageuka kumwangalia. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, kutoka Heru Juu hadi mjini, akiyarudia nyuma ya mgongo wa dereva. Watoto wanapungua. Tuwarudishe. Mimi sikubaliani. Alifungua mdomo. Mama mmoja aliyekuwa akipima kanga alisimama kusikiliza, na mshona nguo barazani akaacha kukanyaga cherehani.

"Nilikuwa napita tu," alisema Elieth.

Alirudi kwake na pakiti ya chumvi ambayo hakuihitaji. Jumapili hakwenda kanisani. Alikaa kitandani akitamka majina kumi na moja, moja moja, kwa sauti, na kila alipofika la mwisho sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alipoanza.

Jumatatu jua lilikuwa kali na anga safi, na Mzee Castory alikuwa amekuja mwenyewe, amevaa koti, kuona utaratibu unavyokwenda. Alisimama jikoni na Mwalimu Nurudini, wakisifia urefu wa foleni. Mia nne kasoro, sahani za plastiki na za bati, wamenyooka. Elieth alisikiliza kwa masikio yote. Hakusikia vijiko.

Akavuka uwanja. Alitembea, kisha akakimbia. Akasukuma mlango.

Madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani. Kandambili na viatu vilivyochanika vilikuwa vimepangwa mstari mmoja chini ya ubao, kila mtu amevua. Katikati ya sakafu ya udongo kulikuwa na mawe matatu, na kati ya mawe vijiti vimepangwa vizuri, havijawashwa. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamechuchumaa kulizunguka jiko hilo, na mduara wao ulikuwa mkubwa mno kwa watoto kumi na mmoja. Kati ya bega na bega palikuwa na nafasi. Chumba kilikuwa na baridi ya shimo.

"Esteri," alinong'ona Elieth. "Mnapika nini?"

"Hawajasema, mwalimu." Midomo ya mtoto ilikuwa mikavu, imepauka kama vumbi la chaki. "Wamesema tusogee karibu, tutajua."

Na wote wakasogea. Hatua moja ya kuchuchumaa, pamoja, kama wanacheza. Vijiti vya katikati vilianza kutoa moshi mwembamba.

Elieth alimshika Esteri mkono, akavuta. Ulikuwa mwepesi kama lile tonge la njano, lakini mtoto hakusogea hata kidogo, kana kwamba mkono wake wa pili umeshikwa na mtu mwenye nguvu zaidi. Akauachia. Akatoka nje, jua likampiga usoni, akaita kutoka pale pale mlangoni, "Esteri! Njoo ule." Sauti ilitoka ndogo. Ilifika nusu ya uwanja ikafa. Watoto wachache wa foleni waligeuka.

"Kuna nini, mwalimu?" Mzee Castory aliuliza kutoka jikoni.

"Nawaita waje kula, mzee."

"Hao?" Alianza kuvuka uwanja, taratibu, kwa heshima ya koti lake. "Mwalimu, hayo si tulishayamaliza? Tulikaa, tukakubaliana wote. Leo ukiwaruhusu hao, kesho nani ataleta debe?"

Mwalimu Nurudini alikuwa anakuja nyuma yake. Foleni yote ilikuwa imegeuka sasa, macho ya watoto karibu mia nne. Bibi Josepha alikuwa ameweka upawa chini. Nyuma ya Elieth, ndani, kitu kiliparuza sakafu, hatua nyingine ya kusogea, na harufu ya moshi usio na kitu ikamfikia shingoni.

Uso ulimwaka moto. Aliegemea fremu ya mlango.

"Mimi sikukubaliana," alisema.

"Haikusikika, mwalimu."

"Nimesema sikukubaliana!" Sauti ilimshtua yeye mwenyewe. Iligonga ukuta wa ofisi ikarudi. "Mliponiuliza nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naogopa ninyi mtanicheka. Hakuna mtoto wa kukaa ndani wakati wenzake wanakula. Hakuna. Sahani yangu mwenyewe iko pale, nitaanza na hiyo, na kama hamtaki kunipa kazi hii tena mpeni mwingine, lakini leo mimi ndiye mwalimu wa chakula na ndiye ninayegawa."

Mzee Castory alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Alifungua mdomo, akamtazama mwalimu mkuu. Nurudini alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Ndani ya darasa, kile kilichokuwa kikiparuza kiliacha.

Elieth akageukia mlango. Hakuingia. Alisimama kwenye jua, ambako shule nzima ilimwona, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akaanza yale majina kumi na moja.

"Esteri, vaa viatu, toka nje uje kula na sisi. Nilikosea kulisoma jina lako."